Pindo

Kila alfajiri, kabla muadhini hajamaliza,
Mbwana hukojoa kwenye kopo la siagi,
nami huchovya kijiti,
nikahesabu hadi sitini kwa sauti ya chini
kama mwizi anayehesabu pesa za watu.

Njano: hamna kitu.
Kijani cha ndizi mbichi: protini imeanza kutoroka.
Kijani cha chupa: leo viatu havitaingia,
na soksi zitamwachia pete vifundoni.

Naandika nyuma ya daftari la wateja,
maana la hospitali lilijaa tangu Shaabani.
Mbele: Mama Nyamvula, sare mbili, bado elfu nane.
Nyuma: Mbwana, jana alama moja, leo mbili.

Mimi ni fundi cherehani, Barabara ya Nane, Ngamiani.
Ugonjwa niliuona kwa futi kabla haujapewa jina.
Jumatatu kiuno inchi ishirini na mbili,
Ijumaa ishirini na sita,
na mtoto hajala cha kumnenepesha.
Majirani wakasema, "Mashallah, kanawiri!"
Nikaitikia.
Tangu hapo kaptula zake nazishona na pindo pana kiunoni,
la kufumua akivimba,
la kukunja akinywea.
Mara nne nimefumua. Mara nne nimekunja.

Daktari Shekalaghe, kule Bombo,
alianza kunieleza habari za askari na adui.
Nikamwambia, mimi nashona.
Akanyamaza, akageuza kalamu mkononi.
"Basi chukulia mkono wako mwenyewe
unafumua usiku ulichoshona mchana,
na asubuhi unaapa kuwa si wewe."
Hapo nikaelewa. Sikupenda, ila nikaelewa.

Vidonge vya kwanza, vichungu hata ndani ya uji,
huyaondoa maji. Kisha huleta
uso wa duara, njaa ya saa nane usiku,
na hasira: alimpiga dada yake kwa mwiko,
halafu akalia kuliko aliyepigwa.
Tukipunguza, povu linarudi chooni.

Sasa wanajaribu dawa nyingine, ya kuzuia isirudi.
Si mpya. Nilipomsomea kaka yangu jina lake kwenye simu,
Semboja wa Pongwe alicheka mpaka akapaliwa:
"Hiyo? Hiyo si ninawanywesha mbuzi, ya minyoo!
Chupa moja, zizi zima!"
Nikamuuliza, mbuzi wako huvimba?
"Mbuzi wangu," akasema, "huuawa na kisu tu."

Karatasi ya ridhaa ina kurasa saba.
Niliisoma kama mkataba wa cherehani ya mkopo, mara mbili.
Mtoto atapewa dawa,
au kidonge kinachofanana nayo kisicho na kitu ndani.
Mimi sitajua. Muuguzi hatajua. Daktari hatajua.
Nani basi anajua?
Muuguzi Saumu akanyoosha kidole juu,
akakishusha haraka: "Kompyuta."

Nikaweka sahihi.
Siku moja kidonge, siku moja hakuna,
damu kila mwezi, na sindano ile
anaitazama ikiingia, hafumbi macho,
mimi ndiye ninayefumba.

Leo ni siku ya mia na kumi na tisa.
Njano.
Huenda ni dawa ya mbuzi wa Semboja.
Huenda ni chokaa, na ule mkono umechoka tu kufumua.
Huenda kesho.
Usiku mwingine nakiweka kidonge kwenye ulimi wangu,
nakionja kidogo, nakirudisha kwenye chupa.
Hakisemi kitu.

Mbwana amerefuka. Kaptula imepanda juu ya magoti,
wenzake shuleni wanamwita Korongo.
Nimeshusha upindo wa chini, nimepiga pasi.
"Na hili la kiunoni ukate, mama, linanichuna."
Nikachukua mkasi.
Nikaupima pindo kwa vidole, inchi mbili kila upande,
kitambaa kizuri, bado kina rangi yake ya dukani.

Nikaurudisha mkasi kwenye droo,
nikampaka mafuta ya nazi pale palipochunika.